Chai ya Mama Ndani ya Shinkansen

Mama aliniuliza tutaondoka saa ngapi wakati treni ilikuwa imekwisha kuliacha jukwaa la stesheni ya Tokyo. Alikuwa ameinama akitafuta miwani mkobani, na alipoinua kichwa akaona kuta za majengo zinapita dirishani, akanigeukia kwa uso wa mtu aliyechezewa. "Mwanangu, kumbe limeshaondoka?" Nikamjibu kwamba limeondoka saa tatu kamili asubuhi, kama tiketi ilivyosema, ila halikupiga honi wala mabehewa hayakuvutana kwa kishindo ili apate kujua. Aliitazama chupa ya chai ya kijani aliyokuwa ameiweka kwenye kimeza kilicho mgongoni mwa kiti cha mbele. Chai ilikuwa imetulia kana kwamba iko juu ya kabati sebuleni.

Kwa wiki kadhaa kabla ya likizo ile nilikuwa nimemsimulia habari za kilomita 285 kwa saa, naye alikuwa amejiandaa kwa kasi hiyo kama mtu anavyojiandaa kuchomwa sindano: mtandio ameukaza, vidonge vya kichefuchefu viko karibu, na kiti alichoomba ni cha upande wa njia ili asilazimike kutazama nje. Nusu saa haikupita akaniomba tubadilishane viti. Katika siku kumi na mbili tulizokaa Japani tulisafiri kati ya miji mara nne kwa treni za kasi, na kila mara nilijikuta nikirudi kwenye lile swali lake la kwanza. Nilikuwa nimelipia kasi, na kasi ndicho kitu nilichoshindwa kukiona.

Niseme wazi kwamba sikuwa nimekwenda nikiwa mtaalamu wa reli. Nilikuwa mpangaji wa safari tu, na upangaji wenyewe ulianza vibaya. Tulipofika kwenye lango la tiketi asubuhi ile, niliingiza tiketi moja katika tundu la mashine na vibao viwili vya lango vikajifunga mbele ya magoti yangu. Nilijaribu tena, vikajifunga tena, na nyuma yetu foleni ikahamia lango la pili bila mtu kuguna. Mfanyakazi wa stesheni alikuja, akainama kidogo, akazichukua tiketi zote mbili nilizokuwa nazo mkononi, akazipandanisha na kuzitumbukiza kwa pamoja. Kumbe safari ya Shinkansen, yaani treni za kasi za Japani, hulipiwa vitu viwili, nauli ya umbali na nyongeza ya treni ya kasi, na mara nyingi kila kimoja huwa na tiketi yake. Mashine huzimeza zikiwa zimepandana, hata zikiwa zimepinduliwa, kisha huzitema upande wa pili kabla hujamaliza hatua moja. Mama alizipokea akazikagua moja moja, kama anayehesabu chenji.

Hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba kasi ya Shinkansen imefichwa nje ya treni yenyewe. Juu ya jukwaa pamechorwa mahali mlango wa kila behewa utakaposimama, na abiria hujipanga katika michoro hiyo treni ikiwa bado haijaonekana. Treni yenyewe ina mabehewa 16, urefu wake ni kama mita 400, na viti vyake ni zaidi ya 1,300. Mfumo wa udhibiti huipunguza mwendo inapokaribia stesheni, lakini hatua ya mwisho ya kuisimamisha huachiwa mkono wa dereva, naye huileta milango palepale ilipoandikwa. Ikiwa hapo ndipo mwisho wa safari, wasafishaji huingia wakati abiria wa mwisho anatoka, hugeuza viti vyote vitazame uelekeo mpya, hufuta vimeza, huokota takataka, kisha hutoka na kuwainamia watu waliokuwa wakisubiri. Kwenye laini zinazokwenda kaskazini kutoka Tokyo kazi hiyo yote hupewa dakika 7. Nimewahi kutumia muda mrefu zaidi ya huo kutafuta rimoti chini ya makochi.

Tangu ratiba ya mwaka 2020, treni za aina ya Nozomi, zile zinazosimama vituo vichache zaidi, zinaweza kuondoka Tokyo kuelekea magharibi hadi 12 kwa saa moja, yaani moja kila baada ya dakika 5. Msafiri wa likizo anaweza kudhani kwamba jambo hilo linawahusu wenye haraka zao, wafanyakazi wa ofisi wenye mikoba ya ngozi, ila ukisafiri na mzazi ambaye magoti yake hayapendi ngazi, utatambua thamani yake upesi. Hakuna foleni ya ukaguzi wa mizigo, hakuna kufika saa mbili kabla, hakuna basi la kukutoa mjini kwenda mahali pa kupandia na jingine la kukurudisha mjini ukishashuka. Ukikosa treni yenye kiti chako ni tatizo dogo, kwa maana nyingine iko njiani. Nikilinganisha na ndege, muda mwingi tuliouokoa ulikuwa ule wa kusubiri, na huo hauonekani kwenye kipimo chochote cha mwendo.

Kuhusu mizigo, kuna sheria moja ambayo wageni wengi hukutana nayo wakiwa wameshachelewa. Begi ambalo urefu, upana na kina chake vikijumlishwa vinazidi sentimita 160 linahitaji kiti chenye nafasi maalumu nyuma yake, na kiti hicho huhifadhiwa mapema bila malipo ya ziada. Usipofanya hivyo unatozwa yeni 1,000 ndani ya treni. Begi la mama lilizidi kwa mbali. Badala ya kuhangaika nalo tulilikabidhi kwenye mapokezi ya hoteli ya Tokyo, ambako huchukuliwa na kampuni za kusafirisha vifurushi, na kesho yake likatukuta katika hoteli ya Kyoto. Mama hakuamini mpango huo hata kidogo. Alitoa ndani ya begi kila alichokithamini, na hivyo tukapanda treni na mfuko wa plastiki uliojaa vitu ambavyo begi lingevibeba vizuri zaidi.

Treni yetu ilikuwa Nozomi, neno linalomaanisha tumaini. Zipo pia Hikari, yaani nuru, na Kodama, yaani mwangwi. Zote hupita reli ileile, na tofauti yao ni idadi ya vituo zinavyosimama: Nozomi huruka karibu vyote, Hikari huruka baadhi, Kodama haruki hata kimoja. Nilipomfafanulia mama majina hayo alisema kwamba aliyeyapanga alikuwa mwerevu, kwa sababu mwangwi siku zote huja nyuma. Neno Shinkansen lenyewe halitaji kasi popote. Maana yake ni laini kuu mpya, basi, kama jina ambalo karani angeliandika kwenye jalada. Jina lake jingine, treni ya risasi, lilitokana na mpango wa zamani wa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, mpango uliokatizwa na vita baada ya baadhi ya mahandaki kuanza kuchimbwa.

Upya wa laini ile ulikuwa katika upana wa reli. Reli za kawaida za Japani zina upana wa milimita 1,067, nazo zilipinda kwa kufuata mabonde na pwani, zikakatizana na barabara kila mahali. Miaka ya 1950 rais wa shirika la reli la taifa, Shinji Sogō, alishikilia kwamba kati ya Tokyo na Osaka ijengwe reli nyingine kabisa, yenye upana wa milimita 1,435, isiyokutana na barabara hata mara moja. Akamwita mhandisi Hideo Shima asimamie kazi. Wengi waliona ni ndoto ya wazee wawili, maana dunia ya wakati ule ilikuwa inashangilia magari na ndege na reli ilihesabiwa kuwa kitu kilichopitwa. Mwaka 1961 Benki ya Dunia ilitoa mkopo wa dola milioni 80. Gharama zilipopanda mno kuliko makadirio ya awali, wote wawili waliondoka kazini mwaka 1963, na laini ilipozinduliwa tarehe 1 Oktoba 1964, siku chache kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, hawakuwa miongoni mwa waliosimama jukwaani. Nikiri kwamba kisa hiki kimenikaa moyoni kuliko takwimu zote za mwendo. Treni za kwanza zilikwenda kilomita 210 kwa saa, na safari ya hadi Osaka, umbali wa kilomita 515, ilichukua saa nne. Leo Nozomi ya haraka kabisa huchukua chini ya saa mbili na nusu.

Lakini kwa nini chai haikumwagika? Nilitafuta jibu jioni ile hotelini, na nikalipata katika mambo ambayo abiria hayaoni. Kona za laini hii ya kwanza zilijengwa kwa nusu kipenyo cha mita 2,500 na kuendelea, kiasi kwamba treni haipindi ghafla mahali popote. Hata hivyo kona hizo za mwaka 1964 zilikuja kuwa finyu kwa treni za leo, na suluhisho lilikuwa kuliinamisha behewa kidogo kwenye kona kwa mifuko ya hewa iliyo chini yake, digrii moja tu hivi, ili mwili wa abiria usihisi kusukumwa pembeni. Tena hakuna kichwa kimoja kinachoyakokota mabehewa mengine. Mota zimegawanywa chini ya mabehewa karibu yote, 14 kati ya 16 katika treni mpya zilizoanza kazi mwaka 2020, hivyo treni nzima hujisukuma kwa pamoja. Ndiyo maana mama hakusikia mvutano wowote wakati wa kuondoka.

Swali lake la pili lilikuja tulipokuwa tumeiacha Yokohama nyuma. "Limewahi kuanguka?" Hilo ni swali la kujibiwa kwa ukweli, hasa na mtu anayekutegemea umshike mkono wakati wa kushuka. Nilimwambia kwamba tangu mwaka 1964 hakuna abiria wa Shinkansen aliyekufa kwa sababu ya treni kugongana au kuacha reli. Sikumficha kwamba mwaka 2004, katika tetemeko kubwa la ardhi huko Niigata, treni moja iliacha reli ikiwa kwenye mwendo, na hakuna aliyeumia. Nchi ile hutikisika mara kwa mara, kwa hiyo kuna vipimo vinavyoyanasa mawimbi ya mwanzo ya tetemeko, yale mepesi yanayotangulia, na umeme hukatwa ili breki zianze kushika kabla mtikiso mkubwa haujafika. Mama alifikiri kidogo, akasema kwamba basi ni afadhali kuwa ndani ya treni kuliko hotelini. Sikupata jibu.

Baada ya Odawara bahari ilionekana upande wa kushoto kwa vipande vifupi, katikati ya handaki moja na jingine. Kisha likaja handaki la Shin-Tanna, lenye urefu wa karibu kilomita 8, ambalo tulilimaliza mama akiwa bado anamenya yai. Masikio yalijaa kidogo na kufunguka. Nilikuwa nimechagua viti vya E, upande wa kulia, kwa kuwa kila anayesafiri kutoka Tokyo kwenda Kyoto huambiwa kwamba huko ndiko uliko Mlima Fuji, dakika arobaini na kitu baada ya kuondoka. Dakika hizo zilipowadia, abiria wa upande wetu waliinua simu zao zote kwa pamoja, na dirishani pakatokea wingu zito la rangi ya majivu, pana, lisilo na mwanya. Tukavuka daraja la mto Fuji. Mto huo ndio unaotajwa kuwa mpaka wa umeme wa Japani, kwa kuwa mashariki yake hutumia hezi 50, yaani mizunguko 50 ya umeme kwa sekunde, na magharibi hezi 60, na laini hii ikalazimika kubadilisha umeme wa mashariki ili treni zipate hezi 60 njia nzima. Mlima wa mita 3,776 ulikuwa pale kulia kwetu na hatukuuona hata kwa kivuli. Watu walirudisha simu mifukoni.

Mkoa wa Shizuoka ulipita na mashamba yake ya chai yaliyokatwa kwa mistari kama nywele zilizosukwa. Mama alifurahi kuambiwa kwamba huenda chai yake ilitoka hukohuko. Chakula tulikuwa tumekinunua stesheni kabla ya kupanda, kile cha kwenye boksi kinachoitwa ekiben, wali na samaki na kachumbari ya mboga nisizozijua, kila kimoja ndani ya kijumba chake. Ni vizuri kujua kwamba zile toroli za kuuzia vyakula ndani ya Nozomi na Hikari ziliondolewa mwishoni mwa Oktoba 2023, kwa hiyo anayepanda mikono mitupu atashuka na njaa. Mimi naona ni hasara. Treni yenye mtu anayepita na birika la kahawa ni treni yenye mwenyeji.

Kyoto tuliifikia saa tano na robo. Tulikuwa tumekwenda karibu kilomita 476 kwa yeni 14,000 hivi kila mmoja, na mama alikuwa hajafika hata nusu ya kitabu chake cha mafumbo. Nilikuwa nimepiga hesabu za ile pasi ya reli ya wageni, ambayo Oktoba 2023 bei yake ya siku saba ilipanda kutoka yeni 29,650 hadi 50,000. Kwa njia tuliyopanga, tiketi za moja moja na pasi zilikaribiana sana, na kwa kuwa pasi hairuhusu Nozomi bila nyongeza, tukaachana nayo. Ushauri wa miaka iliyopita, kwamba kila mgeni anunue pasi kwanza ndipo afikirie safari, umepitwa na wakati.

Siku tatu baadaye tuliendelea hadi Hiroshima, na safari hiyo nitaipita haraka kwa sababu yenyewe ilipita gizani. Laini inayoanzia Osaka kwenda magharibi ilijengwa miaka ya 1970, iliyonyooka zaidi kuliko ile ya kwanza, nayo ilikata milima badala ya kuizunguka. Karibu nusu yake imo ndani ya mahandaki. Unaona kijiji, giza, paa la kiwanda, giza, bahari kwa sekunde mbili, giza. Mwendo huko hufika kilomita 300 kwa saa na dirisha halina la kukuonyesha. Mama alilala.

Kilichonifurahisha Hiroshima upande wa reli kilikuwa treni kuukuu iliyosimama jukwaa la pili, yenye pua ndefu iliyochongoka, mfano wa 500 ulioanza kazi mwaka 1997. Treni ikiingia handakini kwa kasi husukuma hewa mbele yake, na msukumo huo husafiri kwa kasi ya sauti hadi mdomo wa pili, ukatoka na mshindo unaowaamsha wakazi wa jirani. Mhandisi Eiji Nakatsu, ambaye alikuwa na mazoea ya kutazama ndege, alimfikiria ndege aitwaye mdiria, anavyozama majini kutoka hewani bila kurusha maji, na pua ya treni ikachongwa kwa kufuata umbo la mdomo wake, ndefu kiasi cha mita 15. Nilimwonyesha mama. Akasema hata asingeambiwa angejua, kwa sababu ilikuwa na macho ya ndege anayewinda. Treni hiyo iliyowahi kuwa ya haraka kuliko zote, sasa ina mabehewa 8 tu na hutumika kama Kodama, ikisimama kila kituo na kuzipisha nyingine.

Mji wenyewe wa Hiroshima una uzito wake na unastahili kuandikwa peke yake. Hapa nitataja jambo moja tu. Jioni ya pili, tukiwa tumekaa ukingoni mwa mto, nilimsomea mama mpango uliobaki: kesho Osaka, kesho kutwa Tokyo, na ikiwezekana tuchomoe nusu siku twende Himeji kuona ngome, kwani ni dakika chache tu kutoka njiani. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Sisi tunafika tu, mwanangu. Kusafiri hatusafiri."

Hakuwa analalamika, alikuwa anaeleza alivyoona. Na alikuwa amenishika pabaya, kwa sababu treni ya kasi ina kishawishi chake: kwa kuwa kila mji uko karibu, unashindwa kuuacha hata mmoja. Nilikuwa nimeijaza likizo kama mtu anayejaza mkoba kwa sababu tu zipu bado inafunga. Kati ya Tokyo na Kyoto kuna mamilioni ya watu, mashamba, viwanda na ziwa la Hamana lenye mikunga wanaosifiwa nchi nzima, na sisi tulikuwa tumevipita vyote huku tukitafuna. Himeji niliifuta usiku uleule. Tulipofika Osaka nilikwenda kwenye dirisha la tiketi nikaomba viti viwili vya Kodama hadi Tokyo, mabehewa yasiyohifadhiwa viti, na karani aliniuliza mara mbili, kwa adabu, kama nilikuwa na hakika. Nozomi ingetufikisha kwa saa mbili na nusu. Kodama ingechukua karibu saa nne.

Nilijua kwamba Kodama husimama kila mahali. Sikujua kwamba husimama muda mrefu namna ile. Katika stesheni ndogo huingia kwenye reli ya pembeni na kukaa dakika tano, wakati mwingine zaidi, ili zenye haraka zipite katikati. Milango iko wazi, hewa baridi ya mwishoni mwa Novemba inaingia, mtu anashuka kununua kinywaji kwenye mashine ya jukwaani na kurudi bila kukimbia. Abiria walikuwa wengine kabisa. Wanafunzi waliovaa sare walipanda Toyohashi na kushuka kituo kilichofuata. Bibi mmoja aliyeingia Hamamatsu alikaa karibu nasi, akamtazama mama, akatoa machenza matatu mfukoni na kuyaweka kwenye kimeza chetu. Mama alimpa yai. Hakuna aliyejua neno la mwenzake, na kwa dakika ishirini walionyeshana picha za wajukuu kwenye simu, kila mmoja akisema kwa lugha yake yale ambayo bila shaka yalikuwa maneno yaleyale.

Jambo lenyewe lilitokea Kakegawa. Tulikuwa tumesimama, bibi ameshashuka, behewa kimya, mama anamenya chenza la mwisho. Ghafla behewa zima lilisukumwa kutoka kulia, kama mlango uliopigwa na upepo, na kitu cheupe kikafunika madirisha yote ya upande ule kwa mfululizo wa mweko na mvumo. Kabla sijageuza shingo kilikuwa kimekwisha. Ganda la chenza lilianguka. Mama alinishika mkono kwa nguvu.

"Nini kile?"

"Nozomi, mama. Ile tuliyopanda siku ya kwanza."

Alinitazama. "Ile tuliyopanda ilikuwa imetulia."

Sikuwa na namna ya kumshawishi kwa maneno, na kwa kuwa viti vyetu havikuwa vya kuhifadhiwa, tungeweza kushuka kituo chochote bila kutoka langoni na kuisubiri Kodama nyingine. Tukashuka Shin-Fuji. Treni yetu ilipoondoka, jukwaa lilibaki na watu kama wanne, na nyuma ya paa la stesheni, bila wingu hata moja, Mlima Fuji ulikuwa umekaa na theluji yake kileleni, mkubwa kiasi kwamba mwanzoni nilitazama chini yake nikiutafuta. Mama aliutazama kwa heshima, kisha akaugeuzia mgongo na kuzikabili reli za katikati. Yeye alikuwa ameshukia kitu kingine.

Tulisimama nyuma ya mstari wa manjano. Nilikuwa nimempigia hesabu kwenye kipande cha karatasi: kilomita 285 kwa saa ni kama mita 79 kwa sekunde, kwa hiyo treni ya mita 400, ikiwa kwenye mwendo wake wa juu, inahitaji sekunde tano tu kupita mahali ulipo. Aliichukua karatasi akaikunja. Tangazo likasikika kwenye spika, kisha reli zikaanza kutoa sauti nyembamba kama ya waya unaokwaruzwa, na kule mwisho wa jukwaa pakatokea taa mbili ambazo kwa muda zilionekana kama hazisogei.

Halafu ilikuwa mbele yetu. Hakuna dirisha lililoonekana kuwa dirisha. Yalikuwa ukanda mmoja mweusi ndani ya weupe. Upepo ulifuata nyuma, ukaupeperusha mtandio wa mama hadi begani. Nilimsikia akihesabu kwa sauti, na alipotaja tano reli zilikuwa tupu, mtikiso unazidi kufifia kuelekea magharibi.

Alikaa kimya akiupanga mtandio wake. "Na watu wamo mle ndani wanakula," akasema.

"Wanakula, mama. Wengine wamelala."

"Na chai haimwagiki."

Akatafuta benchi lenye mwanya wa kutazama reli, akaketi, akauweka ule mfuko wa plastiki mapajani, na kuniuliza inayofuata itapita baada ya dakika ngapi. Kodama yetu ilikuja, ikafungua milango, ikangoja, ikaifunga. Tulipanda ile iliyofuata.